Kinyundo Kwenye Goti la Gati

Gati ni mke wangu. Wajukuu zangu hawacheki nikisema hivyo kwa sababu wamezaliwa humo humo, ila wewe unayesoma ukiwa mbali cheka kwanza umalize, halafu tuendelee. Kwetu, mwanamke ambaye hakupata mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, huyo akazaa na mwanamume, na watoto wanaozaliwa wanakuwa wa mji wake, yaani boma lake. Tunaita nyumba ntobhu. Mimi Mokami nilizaa mabinti watupu, wakaolewa wote, wakaniachia kuku na upepo. Nikatoa ng'ombe. Mmoja alikuwa na pembe zilizoachana mpaka kunguru wawili maadui walijenga viota juu yake, huyu huku na yule kule, na hawakuwahi kukutana. Hata huyo alikwenda. Ndivyo Gati alivyokuja kwangu Nyambureti.

Nilimkuta kwao Nyakunguru, kule wanakochimba dhahabu, anaponda mawe kwa nyundo tangu akiwa binti mdogo. Nilimshuku palepale. Msichana mzuri, mchapakazi, hana kesi na mtu, kwa nini bado yuko nyumbani? Nikamzunguka mara mbili kama mtu anayenunua ndama mnadani.

"Mama, unatafuta nini?" akaniuliza bila kuacha kuponda.

"Kasoro."

"Ukiipata uniambie. Hata mimi nimeitafuta."

Nilimpenda hapo hapo, ila sikumwambia. Miaka mitatu ya kwanza nilikuwa nahesabu vijiko kila jioni.

Jambo la Gati lilikuwa kutembea. Alikuwa akitoka kwangu alfajiri na jogoo kichwani kwenda mnadani, jogoo anaanza "koko" nyumbani na kumalizia "riko" sokoni. Mbwa waliacha kumfukuza, waliona aibu. Aliponizalia wajukuu aliwabeba mgongoni akatembea nao vilevile, ndiyo maana Modesta, mkubwa wao, hawezi kukaa mahali pamoja hata kanisani.

Basi ukaja mwaka ambao mvua ilitusahau. Mtama ukakauka ukiwa mdogo, mahindi yakaungua, ng'ombe wengi wakapelekwa mbali kutafuta majani. Shambani ukabaki muhogo mchungu, ule ambao hata nguruwe pori anafikiri mara mbili. Muhogo huo kila mwanamke wa huku anaujua. Unaumenya, unaulundika na kuufunika kwa majani siku kadhaa mpaka ulainike na kuota ukungu, unaukwangua, halafu unauanika juu ya jiwe kubwa mpaka ukiuvunja unalia ka! Huo ndio udaga. Kuanika tu ni kama wiki mbili, jua likiwa zuri.

Udaga wangu ukaanza kupungua jiweni. Leo vipande vitano, kesho saba. Na jirani na jiwe langu kuna mji mmoja tu, wa Teresia.

Teresia ni mjane, tumezeeka pamoja, na anacheka kwa pua. Siku nyingi nilikuwa najiuliza, mdomoni kuna nini mpaka kicheko kipitie puani? Sasa nikajua. Mdomoni mna udaga wangu.

Sikumwambia mtu. Nilifanya hila. Siku ya pili tu ya kuanika, nikauingiza udaga wote ndani ukiwa bado mbichi, nikauponda kwenye kinu, nikautandaza juu ya bati karibu na jiko, nikauponda tena, nikautandaza tena, mpaka ukawa unga. Nikawa nafanya hivyo kila mara. Mwizi akija jiweni anakuta kinyesi cha ndege tu.

Gati alishika unga ule wa kwanza, akanusa. "Mama, huu bado una uchungu."

"Huo ni uchungu wa Teresia. Ameukosa."

"Siku mbili ni chache, mama."

"Wewe pika."

Akapika. Wiki hiyo hiyo beberu wangu akafa ghafla, povu mdomoni, tumbo kama ngoma, kando ya ua wa Teresia. Nikaweka hilo nalo moyoni, juu ya lile la udaga.

Tukala ugali huo wiki nyingi, mchana na jioni. Dagaa walikuwa kidogo, na maharage ya kuhesabu. Gati alinipa mimi kwa sababu ni mzee, akawapa watoto kwa sababu ni watoto. Yeye tukimwuliza anasema, "Nimeshakula jikoni." Nikamshuku. Nilijua anajifichia minofu. Siku moja nilinyata nikachungulia ndani ya sufuria yake. Nilikuta ugali mweupe na chumvi. Nikaondoka nikidhani kwamba ameniwahi, minofu ameshameza.

Siku ya Jumatatu alikwenda mnadani kwa miguu akarudi jioni, amechoka kuliko nilivyowahi kumwona. Njiani alipita kwa Teresia, akapewa kibuyu cha uji. Akalala. Jumanne asubuhi nikasikia Modesta anapiga kelele, "Bibi! Mama amekuwa mti!"

Nilimkuta Gati amekaa kitandani, miguu yote imenyooka mbele kama michi miwili. Anaitaka ikunjike, haikunjiki. Tukamwinua, magoti yakagongana, vidole vikaelekea chini, akaanguka. Na nilipomshika unyayo kuurudisha kitandani, mguu ukaanza kutetemeka wenyewe, dada-dada-dada, kama cherehani inayoshona bila fundi. Nikauachia kama nimeshika nyoka.

Watu wakajaa. Kila mmoja aligusa unyayo, kila mmoja akaruka nyuma.

"Mguu unaocheza bila mwenyewe si ugonjwa," mmoja akasema. "Hapo kuna mtu."

"Jana alikula wapi?"

Nami, Mungu anisamehe, nikasema, "Kwa Teresia." Nikasema habari ya uji. Nikaongeza udaga. Nikaongeza beberu. Nikitunga hadithi mimi huwa natia utamu kila kitu, na siku hiyo nilitia utamu mpaka ukazidi, nikasema nilimwona kwa macho yangu anazunguka nyumba yangu akitembea kinyumenyume. Sikumwona. Lakini nilivyokuwa nasema, nilimwona.

Kabla ya saa sita habari ilikuwa kwa mzee Waitara, anayeongoza wazee wetu, na Waitara akasema ritongo, yaani kikao cha kijiji kizima, kitakaa Jumamosi. Wote walijua kitasema nini. Teresia ataondoka na wajukuu wake wanne, na mji wake utavunjwa.

Teresia hakusubiri Jumamosi. Alikuja akasimama mlangoni kwangu, hakucheka kwa pua wala kwa mdomo.

"Mokami. Tulichezwa unyago mwaka mmoja. Niangalie useme nimemfanya nini mkeo."

"Wewe ndiwe unayejua."

"Kinyumenyume, mimi? Na goti hili? Hata kwenda mbele naenda kwa kuomba."

Nikatazama pembeni. Gati ndiye aliyesema kutoka kitandani, na sauti yake ilikuwa nzima kabisa, "Mama, kabla hujamfukuza mtu, nipeleke nikaonwe na daktari. Kama ni Teresia, Teresia hakimbii."

Basi Jumatano tukampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe mpaka kituo cha afya. Daktari alikuwa binti mdogo anaitwa Happy, na usoni hakuwa na furaha yoyote. Alinisalimia shikamoo vizuri, nikaitikia nusu. Mara akafungua droo akatoa kinyundo.

"Hicho cha nini?"

"Cha kupimia, bibi."

"Mwanangu anaumwa, wewe unampiga nyundo? Yeye ndiye aliyekuwa anaponda mawe, si mawe yaliyokuwa yanamponda."

"Ni cha mpira. Nianze na wewe?"

Nikakaa, ili nimnase. Akanigonga chini ya goti, ko! Mguu wangu ukaruka mbele, ukapiga ndoo, ndoo ikapiga mlango, mlango ukapiga mgonjwa aliyekuwa anaingia, akapona papo hapo akarudi kwao.

"Kinyundo kina dawa," nikasema.

"Haya, nakiweka mezani." Akanigonga kwa ukingo wa kiganja kitupu. Mguu ukaruka vilevile. Nikamkagua kiganja, mbele na nyuma. Hakikuwa na kitu.

"Bibi, ng'ombe wakiibwa kwenu mnafanyaje?"

Nikamtazama vizuri. Daktari anayeuliza habari za ng'ombe ni wa kuangaliwa. "Tunapiga yowe. Mji wa kwanza unapiga, wa pili unapokea, wa tatu unapokea, mpaka lifike kwa mwenyekiti. Mwenyekiti anasema vijana waelekee wapi."

"Mwilini ni hivyo hivyo. Kuna nyuzi nyembamba zimeenea kila mahali, mpaka kwenye ncha ya kidole. Zinaitwa mishipa ya fahamu. Ya damu ni mingine. Ukikanyaga mwiba, unyayo unapiga yowe. Yowe linapanda na uzi mpaka mgongoni. Ndani ya mifupa ya mgongo kuna kamba nene inaitwa uti wa mgongo, hiyo ndiyo barabara kuu. Linapanda humo mpaka kwenye ubongo. Ubongo ndio mwenyekiti. Hapo ndipo unajua umechomwa. Kisha mwenyekiti anatuma neno lishuke kwa nyuzi nyingine: kaa chini, toa mwiba."

"Hilo yowe linachukua muda gani?"

"Hujamaliza kusema 'aa', limeshafika. Ni kama umeme mdogo sana unaokimbia kwenye uzi."

"Mimi sina umeme. Hata nguzo hazijafika kwangu."

"Unao, bibi."

Nikajipapasa kiunoni kidogo, bila kumwonyesha.

"Sasa nilipokugonga," akaendelea, "yowe lilifika kwenye uti wa mgongo, na pale wapo wazee wa karibu ambao kwa mambo ya haraka hawamsubiri mwenyekiti. Waliamua wenyewe: rusha mguu. Mwenyekiti aliambiwa baadaye."

"Kwa hiyo mguu wangu umefanya jambo bila kuniuliza."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu umezaliwa."

Miaka yote hii nimewashuku watu, na kumbe mguu wangu mwenyewe una siri zake.

Akamgeukia Gati. Akamwambia afumbe macho. Akamgusa kwa pamba. "Kidole gumba," Gati akasema. Akamchoma kidogo kwa pini. "Kisigino. Huo ni wa kushoto." Hakukosea hata mara moja.

"Njia ya kupanda ni nzima," daktari akasema. "Mguu ukipiga yowe, ubongo unasikia. Sasa Gati, kunja goti."

Gati akauma meno. Jasho likamtoka. Goti lilisogea kama upana wa ukucha. Kisha daktari akagonga kwa kinyundo, kidogo sana, polepole kuliko alivyonigonga mimi, na mguu uleule uliokataa kukunjwa ukaruka juu kama mbuzi aliyekanyaga kaa, ukabaki unatetemeka.

"Unaona? Wazee wa karibu wapo na wana nguvu. Njia ya kushuka kutoka kwa mwenyekiti ndiyo imeharibika. Na kazi ya mwenyekiti si kuwatuma vijana tu. Ni kuwaambia pia, tulieni, wekeni mikuki chini. Neno hilo sasa halifiki. Kwa hiyo vijana wamesimama wote, mikuki juu, mchana kutwa. Ndiyo maana miguu ni migumu. Na ukiigusa kidogo, wote wanaruka."

Gati akafungua macho. "Nani ameiharibu?"

"Mmekula nini miezi hii?"

Hapo nikaruka mimi kabla ya mguu wangu. Mtu anayeuliza unachokula anataka kujua ulicho nacho. "Nyama," nikasema. "Samaki. Mayai tunawatupia mbwa."

"Ugali wa muhogo mchungu," akasema Gati. "Na chumvi."

"Mlianika siku ngapi?"

"Siku zake," nikasema.

"Mbili," akasema Gati.

Daktari akaweka kinyundo chini. Akatueleza pole pole kwamba muhogo mchungu una sumu, na yale yote tuliyofundishwa na mama zetu, kulundika, kukwangua, kuanika mpaka ulie ka, ni kuifukuza sumu hiyo. Ukikatisha, sumu inabaki kwenye unga. Mtu anayekula na maharage, dagaa au maziwa, mwili wake unapata nguvu ya kupambana nayo. Anayekula ugali mtupu wiki kwa wiki, siku moja, mara nyingi baada ya safari ndefu ya miguu, zile nyuzi za kushuka zinaharibika ghafla. Ugonjwa unaitwa konzo. Hautoki kwa mtu wala hauambukizi.

"Na mbuzi?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa imepungua. "Mbuzi akiiba vipande vibichi jiweni, akala na maganda?"

"Atakufa, bibi. Povu mdomoni."

Kwa hiyo mwizi wa udaga wangu alikuwa beberu wangu. Nilitazama ukuta. Nikakumbuka sufuria yenye ugali mweupe, na mimi nikitafuta minofu humo.

"Atatembea?" nikauliza.

"Ugonjwa hautazidi, akiacha unga huo. Mazoezi yatamsaidia, na tutamtafutia magongo. Nitampa barua aende hospitali kubwa wamwangalie zaidi. Lakini nyuzi hizo hazirudi zote, bibi. Sitakudanganya."

Alisema ukweli bila hata kuutia utamu kidogo. Nilimheshimu, na iliniuma.

Njiani kurudi Gati alilala kwenye mkokoteni akitazama mawingu. Nilisubiri aniambie neno. Aliniambia moja tu. "Jumamosi imebaki siku tatu, mama. Utasema?"

"Wanawake hawasimami ritongo."

"Wewe una mke. Wewe ni mwenye mji."

Jumamosi watu walikaa kwenye majani kando ya zizi la Waitara. Teresia alikaa peke yake, amefunga mzigo tayari. Wajukuu wake wanne wamemwegemea. Waitara akasema maneno ya kufungua, kisha akataja dalili: miguu inayoruka bila mwenyewe. Watu wakaguna.

Nikasimama. Mikono ilikuwa nyuma, mwiko umo ndani ya khanga.

"Mokami, wanaume ndio wanasema," mtu akanikemea.

"Nina mke, nina zizi. Niite jina lolote unalotaka. Mzee Waitara, kaa kwenye kigoda chako, weka mguu huu juu ya huu."

"Unataka nini?"

"Natafuta kasoro."

Akakaa, kwa sababu ni mtu wa udadisi. Nikatoa mwiko, nikamgonga chini ya goti. Mguu ukaruka. Katambuga lake la tairi likatoka, likapita juu ya vichwa vya watu, likamwangukia fahali zizini, na fahali yule mpaka leo haamini mbingu. Watu waliokuwa karibu wakarudi nyuma kwa matako.

"Teresia amekaa kule," nikasema. "Nani amemroga mzee?"

Kisha Waitara mwenyewe akasema, "Rudia." Nikarudia. Ukaruka tena. Akaanza kucheka, na wengine wakacheka, na mara wanaume wazima wakapanga mstari kugongwa magoti na mwiko wa ugali. Nikawaeleza yowe, na mwenyekiti, na vijana wenye mikuki. Walielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi.

Nilidhani nimemaliza. Nilianza kukaa. Lakini Waitara si mjinga.

"Mokami. Mguu unaruka, sawa. Basi nani aliyeharibu njia ya Gati?"

Kijiji kizima kikanitazama. Ningeweza kutunga. Hadithi tatu zilinijia palepale, moja ilikuwa na fisi, nzuri sana. Nikatazama mzigo wa Teresia, umefungwa kwa khanga tuliyonunua pamoja, sare.

"Mimi," nikasema. "Nilimshuku Teresia ananiibia, nikautoa udaga jiweni siku ya pili. Mwizi alikuwa beberu wangu. Kinyumenyume sikumwona. Kinu ni changu, mchi ni wangu."

Waitara akamwuliza Teresia anataka nini kwangu. Mbuzi? Ndama?

Teresia akafungua mzigo wake taratibu, akatandika khanga, akakaa juu yake.

"Sitaki mnyama wake, wanyama wake ni wezi," akasema. "Nataka aanike udaga wake kwenye jiwe langu, mbele ya mlango wangu. Mimi ndiye nitakayesema umekauka."

Ndivyo tunavyoishi sasa. Gati ana magongo mawili, na kwa magongo hayo anafika mpaka kwa Teresia na kurudi. Anatoka asubuhi, na jogoo anawika mara tatu nzima kabla hajafika. Akifika anakaa kando ya jiwe, Teresia anamletea uji wenye maziwa, nao wanachukua kipande kimoja cha udaga wangu, Gati anakivunja karibu na sikio. Kikikosa kulia ka, hata kama ni siku ya kumi na mbili na mimi nina njaa, anasema, "Rudisha, mama." Maharage yanapikwa kila siku, na anayepakuliwa wa kwanza ni Gati, na mimi nasimama hapo mpaka ameze.

Udaga wangu haujapungua hata kipande. Hata hivyo, jioni huwa napita kwa Teresia nikiuhesabu kidogo, naye hucheka kwa pua.